Tope la Naivasha Lakana Mpaka wa Ziwa

Ziwa Naivasha lilipofurika mwaka 2020 na kuzamisha nyumba za mtaa wa Kihoto, ilisemwa sana kwamba ziwa limevuka mpaka wake. Usemi huo umejengwa juu ya imani kwamba kuna kimo kimoja cha maji kilicho haki ya Naivasha, na kwamba kupanda au kushuka kwake ni hitilafu. Tope lililolala chini ya ziwa hilo linakana imani hiyo. Naivasha iko katika Bonde la Ufa la Kenya, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hulishwa hasa na mito Malewa na Gilgil, wala hakuna mto unaotoka humo. Jua huchukua maji mengi kuliko mvua inayonyesha juu ya ziwa, na mengine hupenya chini kwa chini, yakiondoka na chumvi. Ndiyo maana maji yake hayana magadi kama ya Nakuru au Elmenteita. Mvua ya nyanda za juu ikipungua kwa miaka michache tu, ufuko husogea mbali.

Vipimo vya kimo cha ziwa vina umri wa zaidi kidogo ya karne moja. Kwa yaliyotangulia hatuna budi kulisoma tope, na hapo kazi iliyochapishwa mwaka 2000 na Dirk Verschuren wa Ubelgiji pamoja na Kathleen Laird na Brian Cumming bado ni msingi. Walichimbua mashapo katika kasoko ya volkeno iliyozama kando ya Kisiwa cha Crescent. Mahali hapo palichaguliwa kwa busara: sehemu kubwa ya ziwa ni ya kina kifupi, na likikauka kumbukumbu hukatika, ilhali kasoko hubaki na maji. Kila tabaka lina maganda ya diatomu, mwani mdogo mno wenye ganda gumu kama kioo, na vichwa vya mabuu ya usubi. Baadhi ya spishi hizo hustahimili chumvi, nyingine haziishi ila katika maji baridi. Ziwa linaposhuka chumvi hukolea, na wakazi wake hubadilika. Kwa njia hiyo ilibainika kwamba kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi eneo hili lilikuwa kavu kuliko leo. Baadaye, hadi 1850 hivi, maji yalikuwa mengi kwa jumla, lakini kipindi hicho kilikatizwa na ukame wa muda mrefu mara tatu: takriban 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840. Ukame wowote wa karne ya 20 ni mdogo mbele ya hiyo mitatu.

Kuna pingamizi la haki: ziwa moja haliwezi kuisemea Afrika Mashariki nzima. Ni kweli, na ushahidi wenyewe unalitilia nguvu, kwa kuwa mashapo ya Ziwa Edward, upande wa magharibi, yanaonyesha ukavu katika karne ambazo Naivasha ilijaa. Hata hivyo tofauti hiyo haiibatilishi Naivasha. Inatufunza kwamba mvua ya mashariki na ya magharibi haikufuata nyayo zilezile, na kwamba kila bonde lisomwe kwa tope lake. Pingamizi la pili linahusu watu. Verschuren na wenzake walilinganisha vipindi vya ukame na mapokeo simulizi ya njaa, uhamaji na misukosuko ya tawala, wakaona yanaoana. Hapa nashauri tahadhari: tarehe za mapokeo hupatikana kwa kuhesabu vizazi, na za tope nazo zaweza kukosea kwa miongo kadhaa. Kuoana kwake kunatosha kuyapa mapokeo heshima ya ushahidi. Hakutoshi kutangaza kwamba ukame ndio uliohamisha watu, kana kwamba wazee wao hawakuwa na vita, mifugo wala maamuzi yao.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaodai kwamba, kama ziwa hupungua lenyewe, basi mashamba ya maua yanayochota maji yake hayana lawama. Hoja hiyo imepinduliwa kichwa chini: ziwa linalopungua lenyewe ndilo lisiloweza kuhimili kuchotwa zaidi. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2002 zilionyesha kuwa, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, uchotaji wa maji ulikuwa umelishusha ziwa mita 3 hadi 4 chini ya pale ambapo lingekuwa. Uchotaji huo haujawahi kukutana na ukame wa miaka 80 kama ule ulioanza 1760.