Chumvi ya Barabarani na Deni la Maji

Miongoni mwa mifano ninayoitumia darasani kueleza jinsi dola inavyoamua nani alipe gharama ya maendeleo, mmoja huwashangaza wanafunzi kila mwaka: chumvi inayomwagwa barabarani katika nchi za baridi. Wanafunzi hutarajia kusikia habari za mafuta, dhahabu au makaa ya mawe. Chumvi wanaijua jikoni. Ukiwaambia kwamba Marekani peke yake humwaga takriban tani milioni 20 za chumvi barabarani kwa mwaka ili kuyeyusha theluji na barafu, hucheka kwanza, kisha huuliza swali la msingi: baada ya kuyeyuka, chumvi hiyo huenda wapi?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Hoja yangu ni kwamba wataalamu walilijua jibu mapema sana, na elimu yao haikutosha kuyaokoa maji. Katika miji na majimbo yanayohusika, sheria ilikuwa na mlango wa kumsikiliza aliyeteleza na kuvunjika mguu. Mwenye kisima kilichoingia chumvi alipaswa kuutafuta mlango wake mwenyewe, na kijito hakikuwa na mlango wowote kwa muda mrefu.

Tuanze na zama ambazo theluji haikuwa adui wa msafiri. Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, karne ya 19, watu walisafiri majira ya baridi kwa magari ya kuteleza yanayokokotwa na farasi. Barabara njema ilikuwa ile yenye theluji iliyoshindiliwa vizuri. Vijiji vilitumia magogo makubwa ya kuviringisha ili kuikandamiza theluji, na madaraja yenye paa yaliwekewa theluji ndani ili magari hayo yapite bila kukwama. Chumvi ilipoanza kutumiwa mijini kwenye reli za tramu, wakazi wengi walilalamika kwamba inaharibu njia zao na viatu vyao.

Gari la injini liligeuza mambo. Magurudumu ya mpira yalihitaji lami iliyo wazi, na theluji ya jana ikawa kikwazo cha leo. Mwanzoni idara za barabara zilitumia majembe ya kusukumia theluji, zikamwaga mchanga na majivu ya makaa ili magurudumu yapate kushika. Mwaka 1938 jimbo la New Hampshire lilianza kuijaribu chumvi, na katika majira ya baridi ya 1941 hadi 1942 likawa jimbo la kwanza kuifanya sera yake ya kawaida. Msimu huo, takriban tani 5,000 tu zilimwagwa katika barabara kuu za nchi nzima.

Vita vilipokwisha, magari yaliongezeka, vitongoji vikapanuka, na sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikaanzisha mtandao mkubwa wa kitaifa. Wafanyakazi walihama mijini kwenda kuishi mbali na kazi zao. Shule, viwanda na maduka vikaanza kutegemea barabara isiyofungwa hata siku moja. Hapo ndipo ilipozaliwa sera ya lami tupu, yaani ahadi ya serikali kwamba saa chache baada ya dhoruba dereva ataiona lami nyeusi mbele yake. Kufikia mwaka 1955 matumizi yalikuwa yamefika takriban tani milioni moja kwa mwaka. Kabla ya miaka 15 kupita, yalikaribia milioni 10.

Ni haki kusema kwamba ahadi hiyo iliokoa maisha ya watu. Chumvi hushusha kiwango cha joto ambacho maji hugandia, hivyo barafu huachana na lami na jembe huweza kuiondoa. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Marquette uliotolewa mwaka 1992 ulionyesha kwamba ajali hupungua kwa kiasi kikubwa baada ya barabara kutiwa chumvi. Gari la wagonjwa linalofika kwa wakati si jambo dogo. Mtu anayejadili chumvi bila kukiri hili hatasikilizwa na dereva yeyote, wala hastahili kusikilizwa.

Hata hivyo, chumvi haitoweki pamoja na theluji. Huvunjika kuwa sodiamu na kloraidi, na kloraidi ndiyo msafiri sugu. Haiozi, na udongo hauishiki sana. Hufuata maji kila yanapokwenda, katika mitaro, vijito, maziwa na maji ya ardhini. New Hampshire, iliyotangulia katika kuitumia chumvi, ilikuwa pia miongoni mwa majimbo yaliyotangulia kuyaona madhara yake: visima vya watu waliokaa kando ya barabara viliingia chumvi, na idara ya barabara ikalazimika kuwapatia baadhi yao visima vipya. Kwa hiyo kabla ya chuo kikuu chochote kutoa ripoti, mwanakijiji aliyechota maji kisimani alikwisha kuijua habari hii kwa ulimi wake.

Ushahidi wa kisayansi haukuchelewa. Mwaka 1971 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa ghuba ya Irondequoit, karibu na mji wa Rochester, jimbo la New York. Waligundua kwamba katika miongo miwili kloraidi ya ghuba hiyo ilikuwa imeongezeka angalau mara tano. Kikubwa zaidi kilikuwa kile kilichotokea chini ya maji. Kwa kawaida, katika majira ya kuchipua, maji ya juu na ya chini ya ziwa la nchi za baridi huchanganyika, na hewa ya oksijeni hufika kilindini. Maji yenye chumvi ni mazito, hivyo hutuama chini. Baada ya majira ya baridi ya 1969 hadi 1970, maji mazito yaliyokusanyika kwenye sakafu ya ghuba yalizuia mchanganyiko huo usikamilike. Na ilipolinganishwa na hali ya mwaka 1939, muda ambao matabaka ya maji hubaki yametengana wakati wa kiangazi ulikuwa umerefuka kwa mwezi mzima.

Mwaka 2005 timu ya Sujay Kaushal ilitoa matokeo kutoka Baltimore na maeneo mengine ya kaskazini-mashariki. Katika baadhi ya vijito vya mjini, kloraidi wakati wa baridi ilifikia robo ya ile iliyomo katika maji ya bahari. Hata kiangazi, wakati hakuna chumvi inayomwagwa, baadhi ya vijito vilikuwa na kloraidi mara 100 zaidi ya vijito vya msituni. Maana yake ni nzito: chumvi ilikuwa imejikusanya ardhini, na maji ya ardhini yalikuwa yakiirudisha kijitoni polepole mwaka mzima.

Basi kwa nini chumvi iliendelea kuongezeka? Hapa ndipo historia ya mazingira inapokuwa historia ya siasa. Sheria ya Maji Safi ya Marekani ya mwaka 1972 ililenga hasa uchafu unaotoka katika bomba la mwenye kiwanda anayejulikana. Maji ya mvua na theluji yanayotiririka kutoka barabarani hayana mwenye bomba, na yaliguswa kwa uzito zaidi baada ya marekebisho ya mwaka 1987. Mwaka 1988 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo lilitangaza vigezo vya kulinda viumbe wa majini: miligramu 230 za kloraidi kwa lita kwa athari za muda mrefu, na 860 kwa athari za muda mfupi. Canada ilikwenda mbali zaidi kwa tamko. Mwaka 2001 tathmini ya serikali ilihitimisha kwamba chumvi za barabarani zinadhuru mazingira kwa kiwango cha kuitwa sumu kisheria. Lakini hatua iliyofuata mwaka 2004 ilikuwa mwongozo wa hiari. Serikali iliita kitu sumu, kisha ikawaomba watumiaji wake waungwana.

Gharama ya kuahirisha inaonekana Flint, Michigan. Mwezi Aprili 2014, mji huo ulipokuwa chini ya msimamizi wa dharura aliyewekwa na jimbo, uliacha kununua maji ya Ziwa Huron kupitia Detroit na kuanza kutumia maji ya Mto Flint. Mto huo ulikuwa na kloraidi nyingi zaidi, na chumvi ya barabarani ni mojawapo ya vyanzo vyake; dawa ya kusafishia maji iliongeza nyingine. Kloraidi hula vyuma. Kosa kuu lilikuwa la watawala, ambao hawakuagiza maji yatiwe dawa ya kuzuia kutu, na madini ya risasi yakatoka kwenye mabomba yakaingia majumbani. Mwezi Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kilichomo mjini humo kiliruhusiwa kuyaacha maji hayo kwa kuwa yaliharibu vyuma vyake. Wakazi, wengi wao watu Weusi na maskini, waliendelea kuyanywa kwa mwaka mzima mwingine. Injini zilisikilizwa kabla ya watoto.

Nasema haya nikijua kwamba mlango wa sheria unaweza kujengwa. Turudi New Hampshire. Barabara kuu ya I-93 ilipopangwa kupanuliwa kati ya Salem na Manchester, ilithibitika kwamba vijito vya eneo hilo vilikwisha kuvuka vigezo vya kloraidi, na mwaka 2008 jimbo likaweka ukomo wa chumvi kwa mabonde manne. Hesabu ilifichua jambo ambalo wengi hawakulitarajia: sehemu kubwa ya chumvi ilitoka katika maegesho ya maduka na njia za watu binafsi, mbali na malori ya serikali. Mkandarasi wa maegesho aliogopa kushtakiwa na mteja aliyeteleza, akamwaga kupita kiasi. Kwake kila gunia la ziada lilikuwa bima ya bei nafuu. Mwaka 2013 jimbo lilipitisha sheria inayompa kinga dhidi ya kesi hizo mkandarasi aliyefuzu mafunzo na kuweka kumbukumbu za chumvi anayotumia. Kosa lilikuwa katika hesabu ya woga, na sheria ikaigusa hesabu hiyo.

Njia za kupunguza zipo na hazihitaji miujiza: kupima mashine, kupima joto la lami lenyewe badala ya la hewa, na kunyunyiza maji ya chumvi kabla ya dhoruba ili barafu isishikamane na barabara. Matokeo yake yanaonekana pia. Katika eneo la ghuba ya Irondequoit matumizi yalipunguzwa kuanzia mwaka 1974, na ripoti ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba kloraidi ilishuka na mchanganyiko wa maji ukaanza kurejea katika hali yake.

Wasomaji wangu wanaoishi Portland au Lewiston, huko Maine, wanaijua chumvi hii kwa kutu ya magari yao. Nawaomba waijue pia kama suala la kura. Meya anayemwaga chumvi nyingi leo husifiwa kesho asubuhi. Anayeipunguza huenda akalaumiwa msimu huohuo, huku kijito kikiendelea kutoa chumvi ya watangulizi wake kwa miaka mingi, hadi ardhi iishe kuitema. Wa kumtetea hapaswi kuwa kijito, maana hakina sauti. Anapaswa kuwa mpiga kura anayejua maji yake yanatoka wapi.