Atago na mashua ya tani saba

Saa kumi na dakika saba alfajiri, tarehe 19 Februari 2008, manowari ya Japani iitwayo Atago iliigonga mashua ya uvuvi Seitoku Maru nje ya rasi ya Nojimazaki, mkoani Chiba, ikaikata vipande viwili. Mashuani walikuwamo baba na mwanawe. Walitafutwa, hawakuonekana tena.

Atago ilikuwa haijatimiza hata mwaka kazini. Iliundwa Nagasaki na kampuni ya Mitsubishi, ikaanza utumishi Machi 2007, na bandari yake ni Maizuru. Ina urefu wa mita 165, tani zipatazo 10,000 ikiwa imesheheni, mabaharia wapatao 300, na mfumo wa Aegis ambao rada zake hufuatilia shabaha nyingi angani kwa wakati mmoja. Mashua ile ilikuwa ya tani 7 tu.

Alfajiri hiyo manowari ilikuwa njiani kurudi Yokosuka kutoka Hawaii, ilikokwenda kujaribu silaha zake. Mbele yake walitanda wavuvi, na bado usukani ulikuwa umeachwa ujiendeshe wenyewe. Sheria ya bahari humtaka nahodha anayemwona mwenzake akikatiza kutoka upande wa kulia ampishe. Seitoku Maru ilitokea kulia.

Yaliyofuata nchi kavu yaliwaudhi Wajapani vilevile. Habari ilichukua zaidi ya saa moja kumfikia Waziri wa Ulinzi, Shigeru Ishiba, ambaye Oktoba 2024 alikuja kuwa Waziri Mkuu. Wizara ikatangaza kwamba mlinzi wa zamu aliona taa za mashua dakika 2 kabla ya kugongana. Kesho yake dakika hizo zikawa 12. Kwa familia inayongoja habari za watu wake, tofauti hiyo ni kubwa mno. Dakika 2 zinaweza kuitwa bahati mbaya, lakini 12 zinataka maelezo.

Januari 2009 baraza la ajali za baharini la Yokohama liliitwika Atago lawama kubwa, kwa sababu ya ulinzi hafifu wa zamu. Mahakama haikukubaliana nalo. Maofisa wawili wa zamu waliachiwa huru Mei 2011, kwa kuwa mchoro wa waendesha mashtaka wa njia iliyopita mashua haukuaminika, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Tokyo ikaunga mkono hukumu hiyo. Kumtia mtu hatiani kunahitaji ushahidi kamili, na hilo ni haki. Ila kuhusu meli yenyewe, naona baraza lilisema kweli: wenye macho mengi zaidi ndio waliopaswa kuangalia.

Baadaye Atago ilifanyiwa ukarabati mkubwa ili iweze kuzuia makombora ya balistiki. Septemba 2018, karibu na Hawaii, kombora lake la SM-3 lililipiga kombora la majaribio nje ya angahewa. Ni kazi ya kustahili sifa. Lakini atakayeandika wasifu wa meli hii akaanzia hapo, atakuwa amewaruka wavuvi wawili wa Chiba waliofia chini ya omo yake.