Dharura na Sheria ya Ununuzi wa Umma: Sakata ya KEMSA nchini Kenya, 2020

Kisa cha kwanza cha UVIKO-19 nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kufikia Agosti, gumzo la nchi lilikuwa ni mabilioni ya Mamlaka ya Kusambaza Dawa nchini (KEMSA). Aghalabu sakata hii husimuliwa kana kwamba janga lilisimamisha sheria. Makala haya yanapinga usimulizi huo.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 ilikuwa imekwisha kuitazamia dharura. Kifungu cha 103 kinaruhusu ununuzi wa moja kwa moja, bila kushindanisha wazabuni, panapozuka haja ya haraka isiyoweza kutabiriwa. Kinachoondolewa hapo ni ushindani tu. Kifungu cha 53 hakikuguswa: afisa mhasibu hapaswi kuanzisha ununuzi kabla ya kuridhika kwamba fedha za kutosha zimetengwa. Aidha, Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, katika kifungu cha 45, inahesabu kuanzisha mradi bila mipango kuwa kosa la jinai.

Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, wa Septemba 2020 ulimulika ununuzi wa takriban shilingi bilioni 7.8. Ulibaini utaratibu uliopinduliwa: wauzaji walipewa barua za ahadi kabla ya bajeti kuidhinishwa, na idadi ya bidhaa haikutokana na mahitaji ya hospitali. Shehena kubwa ilibaki ghalani Embakasi huku bei ya soko ikiporomoka. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo hoja ya dharura ilipojivunja yenyewe, kwani kinachohitajika kwa haraka hakilali ghalani kwa miezi. Mwezi Desemba wauguzi na madaktari waligoma wakidai, pamoja na mengine, mavazi ya kinga.

Kisingizio chenyewe hakikuwa kipya. Katika mikataba ya Anglo Leasing, mwanzoni mwa miaka ya 2000, pazia lilikuwa usalama wa taifa, na siri hiyo iliwachelewesha wachunguzi kwa miaka mingi. Mwaka 2020 nyaraka zilisomwa hadharani mbele ya kamati za Bunge katika muda wa miezi michache. Ushahidi, basi, haukukosekana.

Kilichokwama ni hatua iliyofuata. Mkurugenzi mtendaji alisimamishwa kazi Agosti, na mwishoni mwa mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta akataka uchunguzi ukamilike katika siku 21. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ilipendekeza mashtaka na kulipeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye alilirudisha kwa uchunguzi zaidi. Siku 21 zilikwisha pasipo mshukiwa hata mmoja kupandishwa kizimbani.