Kutandaza Historia ya Mtaa

Ewe mwanafunzi, huenda siku moja utaambiwa darasani, "Andika historia ya mtaa wenu." Kama wewe ni mkaaji wa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, bila shaka utafungua daftari, utaandika mwaka wa 1899, reli ilipofika Nairobi, kisha utashuka mwaka kwa mwaka hata ufike leo. Ukimaliza utakuwa na orodha iliyo sahihi. Lakini msomaji wako hatajua kwa nini mambo hayo yalitokea, wala yalimpata nani. Kosa si la miaka. Kosa ni kwamba ulianza kuandika kabla ya kuitazama habari yote kwa pamoja.

Wanahistoria wengi, tangu zamani, huandika kila habari katika kikaratasi chake, kisha huvitandaza vikaratasi hivyo juu ya meza na kuvisogeza huku na huku. Siku hizi programu kadhaa za kuandikia zimeiingiza meza hiyo ndani ya kompyuta. Obsidian, mathalani, iliongezewa katika mwaka wa 2022 sehemu iitwayo Canvas. Hiyo ni nafasi pana isiyo na ukingo, ambayo juu yake waweza kuweka kadi za maneno, picha, na kurasa ulizokwisha kuziandika, ukazisogeza upendavyo, na kuziunganisha kwa mishale. Mimi nitaiita ubao. Kama huna kompyuta, vikaratasi na sakafu iliyofagiwa vyatosha.

Basi na tujaribu. Andika kadi ya kwanza: kabla ya miaka ya 1920 Waafrika wa Nairobi walikaa katika vijiji walivyojijengea wenyewe, navyo ni Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Kadi ya pili: mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilipima viwanja vya Pumwani ili kuwahamishia watu huko. Kadi ya tatu: Pangani kilidumu kuliko vijiji vingine, lakini kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wakaaji wake wakapelekwa Shauri Moyo. Sasa ongeza ya nne, ambayo katika orodha ya miaka ingekuwa mbali sana na hizo: baada ya mwaka wa 2019 nyumba za zamani za mtaa wa Pangani zilibomolewa, na maghorofa yakajengwa mahali pake. Iweke kadi hii kando ya ile ya tatu. Jina ni moja, na mara mbili wakaaji wamefunga mizigo yao. Papo hapo swali linazaliwa: je, mara ya pili watu walipewa nini ambacho wale wa kwanza hawakupewa? Swali hilo halimo katika kadi yo yote peke yake. Limetoka katikati ya kadi mbili.

Tazama mfano mwingine. Yuko mtoto anayekaa mtaa wa Mbotela ambaye hajui jina hilo ni la nani. Ni la Tom Mbotela, diwani, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, na aliyeuawa Nairobi mwezi wa Novemba mwaka wa 1952. Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye mwandishi wa kitabu "Uhuru wa Watumwa", kilichotolewa mwaka wa 1934, kinachosimulia habari za watumwa waliokombolewa na kukaa Freretown, karibu na Mombasa. Unganisha kadi hizo kwa mshale, nawe utaona ya kwamba kibao cha njiani huko Eastlands kinakurudisha mpaka pwani, na mpaka siku za utumwa. Kando yake weka kadi ya Ambrose Ofafa, diwani mwingine, aliyeuawa mwaka wa 1953, ambaye jina lake lipo katika mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo.

Hata hivyo, jihadhari na mshale. Ni rahisi mno kuuchora, na ukisha kuchorwa hupendeza macho. Waweza kuunganisha Kaloleni ya Nairobi na Kaloleni ya Kilifi kwa kuwa majina yamefanana. Lakini kufanana kwa majina si ushahidi. Kila mshale uuhesabu kuwa ni swali mpaka upate jibu. Nairobi ilitangazwa kuwa jiji tarehe 30 Machi 1950. Tarehe 23 Aprili mwaka uo huo, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Je, mambo haya mawili yanahusiana, au yalikaribiana tu? Usikisie, tafuta. Utakuta ya kwamba vyama vya wafanyakazi, ambavyo Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa viongozi wake, viliwataka watu wasishiriki sherehe za jiji. Mshale umepata mguu wa kusimamia. Mwezi wa Mei wawili hao walikamatwa, na mgomo mkubwa ukafuata.

Kwa sababu hiyo ni vema kadi zako ziwe za rangi mbili: moja ya mambo uliyoyasoma, nyingine ya mambo uliyosimuliwa. Husimuliwa, mathalani, ya kwamba Shauri Moyo uliitwa hivyo kwa kuwa watu wa Pangani waliambiwa washauriane na mioyo yao, kuhama au kutohama. Maneno hayo ni matamu, na huenda ni kweli. Lakini yabaki katika rangi yake mpaka yathibitike.

Liko na jambo kubwa kuliko hayo. Katika mwaka wa 1948 wataalamu watatu kutoka Afrika ya Kusini, Thornton White, Silberman na Anderson, walitoa ramani kuu ya Nairobi. Nao pia walitandaza jiji zima mbele yao. Waligawa makao katika mitaa iliyojitosheleza, kila mmoja uwe na shule, maduka na uwanja wake. Kitabu chao kiliiita Nairobi mji mkuu wa koloni. Atazamaye kutoka juu huona barabara na mapaa. Haoni mama aliyeambiwa ahame, wala hasikii alisema nini. Ubao wako nao hukuweka juu vivyo hivyo. Kwa hiyo, ukiona nafasi tupu kati ya kadi mbili, shuka. Nenda kwa bibi akaaye nyumba ya tatu, umwamkie, umwulize. Kuuliza si ujinga.

Kisha, na hapo tu, anza kuandika. Ubao si insha. Msomaji hawezi kusoma kadi arobaini kwa mara moja. Yakupasa kumshika mkono na kumpitisha njia moja, ukiacha kando hata kadi uzipendazo zisizokuwa katika njia hiyo.

Wala usikawie. Nyumba za zamani za Eastlands zinazidi kubomolewa, na waliozikalia wanazeeka. Ramani za serikali zimetunzwa katika maktaba. Lakini yale yaliyosemwa mlangoni siku ya kuhama hayakuandikwa na mtu. Kadi hiyo bado ni tupu, na huenda wewe ndiwe wa kuijaza.