Kabureta, Injekta na Fundi wa Karibu

Anayefufua gari la zamani hufika mahali pa kuamua: aiachie injini kabureta yake, au aifungie mfumo wa injekta? Wengi hulichukua swali hili kuwa ni shindano la nguvu, au la ukale na usasa. Historia yasema vingine. Kila kimoja kati ya vifaa hivi kilistawi pale kilipokuta mafundi, spea na sheria za kukibeba, na kilikwama vilipokosekana.

Mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza magari machache yenye Electrojector, mfumo wa injekta za umeme uliobuniwa na Bendix. Vipuri vyake vya kielektroniki havikutegemeka, na gereji za kawaida hazikuwa na mtu wa kuvishughulikia. Mengi ya magari hayo yakarudishiwa kabureta. Hata hivyo, wazo lenyewe halikuwa bovu. Bosch ilipata haki ya kutumia hataza za Bendix, na mwaka 1967 ikatoa D-Jetronic, iliyofungwa kwenye Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani. Safari hii elektroniki ilikuwa imekomaa, na mfumo ukadumu.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake, katika Safari Rally. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ya kabureta mbili. Bert Shankland wa Tanzania akashinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 ya injekta, iliyosukumiwa petroli na pampu ya kimakanika. Kabureta nazo zilishinda 1973 kwa Datsun 240Z ya Shekhar Mehta, na 1974 kwa Mitsubishi Lancer ya Joginder. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Peugeot 504 ya injekta, ikiendeshwa na Ove Andersson. Vumbi lilikuwa lile lile, matope yale yale. Yupo atakayesema mashindano si maisha ya kawaida, kwa kuwa timu zilifuatwa na mafundi wao na magari yaliyojaa spea. Ni kweli, na hapo ndipo penye hoja: aliyekuwa na fundi anayekijua kifaa chake alifika, kiwe kipi.

Kwa nini basi kabureta ilitoweka viwandani? Sheria za moshi ndizo zilizoiondoa. Baada ya sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970, magari yalianza kufungwa katalisti kwenye ekzosi. Katalisti inayosafisha sumu zote tatu kuu kwa pamoja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli, wakati wote. Kompyuta inayopewa taarifa na sensa ya oksijeni huweza kukishikilia kipimo hicho. Kabureta ya kawaida haiwezi, kwani petroli yake huvutwa kupitia jeti na hewa inayopita kwenye koo jembamba, na koo hilo halitambui kwamba hewa imekuwa nyepesi. Iliyosetiwa Mombasa ikipanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, humwaga petroli kupita kiasi na plagi huingia masizi.

Watetezi wa kabureta husema yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifungua, akaitoa jeti ya shaba na kuipuliza uchafu. Kusafisha, sawa. Lakini kulinganisha kabureta mbili zivute sawasawa ni ufundi wa peke yake, na jeti ya namba inayotakiwa haipatikani kila duka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo kazi inayoingia gereji ni ya injekta, na fundi kijana ameizoea mashine ya kusoma hitilafu kuliko skrubu ya sailensa ya kabureta.

Anayeogopa injekta naye ana sababu. Mfumo uliookotezwa kutoka magari matatu, wenye nyaya zisizo na mchoro, humsumbua hata fundi hodari. Tena unadai pampu na mipira ya kuhimili shinikizo kubwa kuliko la kabureta. Basi gari lisilotoka mji mmoja, lenye fundi mzee na jeti zake jirani, libaki na kabureta. Linalopanda na kushuka kati ya pwani na bara lifungwe injekta, mfumo mzima wa gari moja, aina ambayo gereji za njiani huitengeneza kila siku.