Kutoka Dunda Hadi Berlin: Elimu ya Ughaibuni na Deni Lake kwa Mkange

Tunapozungumza juu ya vijana wanaokwenda kusoma nje ya nchi, swali tunalolitanguliza ni kama watarudi. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, historia ya pwani yetu inatuelekeza kwenye swali jingine, zito zaidi: je, maarifa watakayoyaandika huko yatarudi? Mtu aweza kurudi na shahada yake mkononi, na yale aliyoyaandika juu ya watu wake yakabaki katika maktaba za wengine.

Mwaka 1887 ilianzishwa mjini Berlin, ndani ya chuo kikuu cha mji huo, taasisi ya kufundisha lugha za Mashariki. Kiswahili kilikuwamo, kwa kuwa Ujerumani ilihitaji maofisa na wafanyabiashara watakaoweza kusema na watu wa koloni lake. Sarufi ilifundishwa na Wajerumani wenyewe, lakini matamshi na mazungumzo yalihitaji mtu aliyezaliwa ndani ya lugha. Mwaka 1900 akaenda kufanya kazi hiyo Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa dini aliyetoka Dunda, jirani na Bagamoyo.

Naanza naye kwa makusudi. Mmoja wa watu wa mwanzo wa sehemu zetu kuingia katika chuo kikuu cha Ulaya hakuingia kama mwanafunzi. Aliingia kufundisha, na waliokaa mbele yake wakijifunza walikuwa Wajerumani. Ndugu msomaji, anayekwenda ughaibuni akijihesabu kuwa chombo kitupu kinachokwenda kujazwa hajaisoma historia ya kwao.

Lakini tuangalie ilivyokuwa kwa maarifa ya Mtoro. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyefundisha katika taasisi ileile, alitoa kitabu Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna habari ya Mtoro ya safari yake ya Udoe hata Uzigua, yaani nchi ya Wadoe na Wazigua ambamo Mkange imo. Mwaka 1903 kikafuata Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kalamu ya Mtoro. Kwenye jalada lilisimama jina la Velten, mkusanyaji. Ilipita miaka 78 kabla ya tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981, iliyofanywa na J. W. T. Allen, kulitaja jina la Mtoro katika anwani ya kitabu.

Maisha yake nayo hayakuwa mepesi. Alikumbana na dharau ya wanafunzi waliojiona bora kuliko mwalimu wao kwa sababu ya rangi. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata akaacha kazi, akasafiri na mkewe kurudi nyumbani, lakini serikali ya kikoloni ikawazuia kuingia: ndoa ya Mwafrika na mwanamke wa Kizungu ilionekana kuwa hatari kwa heshima ya utawala. Wakarejea Ujerumani, naye akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1927. Vitabu vilibaki Ulaya, na mwandishi naye akabaki huko.

Sasa tutazame safari ya pili. Mwaka 1949 Julius Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Historia yake ya kisiasa inajulikana. Mimi natazama jambo dogo zaidi. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mtoro alipeleka Udoe Ulaya, na Udoe ikabaki huko. Nyerere alimchukua Shakespeare, akamleta kwa msomaji wa Kiswahili. Wote wawili waliingia chuo kikuu cha kigeni wakiwa na lugha yao kamili. Tofauti yao ilikuwa nani aliyeamua kazi ifanywe kwa faida ya nani. Mtoro hakuwa na mamlaka hayo. Nyerere alikuwa nayo.

Nami nilisomea shahada ya uzamivu Ulaya. Mbele ya watahini niliulizwa mengi juu ya nadharia na mbinu za utafiti. Hakuna aliyeuliza watu niliowahoji wangeisomaje tasnifu ile. Siwalaumu, kwa sababu jukumu hilo si la mtahini wa huko. Ni letu.

Kwa Mkange ya leo jambo hili si la kinadharia. Kata hii imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2005, na inapitiwa na barabara inayoiunganisha Bagamoyo na Pangani. Mipaka ya hifadhi, ardhi ya vijiji, malisho, thamani ya shamba lililo kando ya barabara: hizi ndizo mada ambazo kijana wetu, akipata ufadhili, atazichagua kwa kuwa anazijua. Wazee watamjibu maswali yake kwa Kiswahili, Kidoe au Kizigua. Atakachoandika kitakuwa kwa Kiingereza, Kijerumani au Kichina. Siku serikali ya kijiji itakapokaa kujadili mpaka uleule, ushahidi walioutoa wao wenyewe hautakuwa mezani.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mwanafunzi aandike muhtasari wa Kiswahili wa tasnifu yake na kuukabidhi kwa ofisi ya kata na shule ya sekondari ya mahali alipofanyia utafiti. Mtumishi wa umma anayeidhinisha ruhusa ya masomo aweke sharti hilo katika barua yenyewe, si katika hotuba ya kuaga. Mwanaharakati anayetetea ardhi ya wanakijiji adai nakala hiyo kama anavyodai muhtasari wa mkutano.

Mtoro alizuiwa kurudi na serikali ya kikoloni. Sisi hatuzuiwi na mtu. Kinachohitajika ni kurasa kumi za Kiswahili na nauli ya kufika Mkange.