Bundi Maskanini Mchana: Kiplombe

KIPLOMBE ni kata ya Kaunti ya Uasin Gishu, pembezoni mwa mji wa Eldoret, katika uwanda uliopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nayo inatajwa hapa kwa sababu mashamba ya mahindi, malisho ya ng'ombe, maghala na mikaratusi ya nchi kama hii huwapa bundi chakula cha usiku na maskani ya mchana.

Babewana mkubwa, ambaye urefu wake hupita sentimita 60, hukaa juu ya tawi nene, naye akisinzia hushusha kope za rangi ya waridi, alama isiyo na shaka hata kwa mtazamaji aliye mbali. Bundi wa ghalani, mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, hupenda dari na mapaa; na bundi wa nyasini hulala chini kabisa, penye majani marefu ya kinamasi, hata mtu hukaribia kumkanyaga kabla ya kumwona.

Mtafutaji hodari hutazama chini kwanza. Kinyesi cheupe kama chokaa kilichochuruzika juu ya gome, na matonge ya kijivu yaliyotapikwa shinani, ambayo yakipasuliwa kwa vidole hutoa manyoya, taya na meno ya panya yenye rangi ya chungwa, ni ushahidi dhahiri. Wakati mwingine shorewanda na chozi ndio watoao habari, kwani wakimgundua bundi humzingira kwa makelele yasiyokoma.

Hapo darubini hufaa kuliko miguu. Bundi aliyejinyoosha wima, akabana manyoya yake na kuyafanya macho kuwa nyufa nyembamba, aghalabu hakulala, bali amefadhaika, na ni wajibu kurudi nyuma taratibu. Maana akirushwa adhuhuri, kunguru humwandama, naye hupoteza kivuli na usingizi wake. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, huko pwani ya Kenya, waongozaji wenyeji huonyesha kwa hadhari hiyo hiyo bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1966, ambaye hata sentimita 20 hafiki.

Wako wampigao bundi mawe kwa kumdhania mleta mauti, na hiyo ni dhuluma kwa ndege alindaye mahindi ya mkulima. Sumu ya panya nayo humdhuru kimyakimya: panya aliyeila hulegea, hukamatwa upesi, na sumu ile ile huingia mwilini mwa bundi.